Seva ni Bure, Mdomo Ndiyo Wameuwekea Bei



Wiki iliyopita nilikesha Bunda na kompyuta kuukuu ya Linux, nafunga Apache, ile programu ya seva inayorusha tovuti. Sikuchukua iliyopikwa tayari. Nilipakua msimbo wenyewe, nikaufungua kwa tar, nikaandika ./configure. Ikagoma, haioni APR. Nikaiweka, nikarudia. Ikagoma tena, sasa inataka PCRE. Nikaiweka nayo, ndipo make, kisha make install. Kuiwasha, ikanikatalia: poti 80 ni ya root, siyo ya raia wa kawaida. (Hata kompyuta ina wenye nchi.) Nikaweka sudo, nikafungua simu, nikakuta ukurasa mweupe umeandikwa It works! Jamani nilicheka peke yangu usiku ule.

Gharama ya programu: sifuri. Apache ilianzishwa 1995 na watu wanane waliokuwa wakibadilishana viraka vya programu ya seva ya NCSA, baada ya aliyeiandika kuondoka. Hawakusubiri mwenye mali arudi. Walitengeneza wakagawa bure, mpaka leo.

Sasa njoo kwetu. Machi 2018 serikali ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alipe 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Juni mwaka huo JamiiForums ikajizima kwa muda. Kanuni zimeandikwa upya, ada zimeshushwa, lakini ukitaka kuchapisha habari leseni bado unadaiwa. Yaani chombo ni bure, ila kusema ndiko kunalipiwa! Kijana anayeuza dagaa mwaloni Musoma aitoe wapi? Ibara ya 18 ya Katiba haina risiti.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Kila kitu chetu tumekirundika kwenye mitandao ya watu. Mei 2025 X ikafungwa, tukahamia kwa VPN. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, tukabaki tunatazamana kama mabubu. Kumbe kompyuta moja na rauta, bila bando, vinatosha watu walio ndani ya ofisi kusoma Katiba na taarifa za chama kwenye simu zao. Haitavuka hata barabara, nakubali. Lakini hakuna wa Dar wa kuizima.

Madai yetu ni leseni ya kusema ifutwe, siyo ipunguzwe bei. Wakati tunadai, tujifunze kazi. Jumamosi naileta kompyuta Musoma, Jumapili Butiama. Tutaifuta yote na kuanza upya kutoka ./configure. Njoo na chaja yako, mimi sina za kuazima.