Mwacheni Frodo achoke

Kwenye vibanda vya video huku Pasua, mjini Moshi, ikiwekwa The Lord of the Rings ubishi ni ule ule: Frodo, aliyepewa Pete yenye nguvu mbaya akaitupe motoni, ni steringi gani? Hapigani, anaanguka ovyo, na mlimani anabebwa mgongoni na Sam, mtunza bustani wake. Vijana wanamtaka Aragorn mwenye upanga. Wajuzi zaidi wanadai mhusika hakui kabisa. Filamu 3, kuanzia 2001 hadi 2003, zinamwacha mnyonge kuliko zilivyomkuta.

Nilianza kazi Kilimanjaro nikiwa mgumu, yaani mpagazi, njia ya Marangu, kilo 20 kichwani. Siku hizi naongoza wageni. Nionavyo, wabishi hawa wa vibandani wanatafuta ukuaji kwenye misuli, na mlimani hauko huko.

Kutoka getini hadi kambi ya Mandara kila mgeni ni steringi. Kambi ya Horombo, mita 3,720, maneno yanapungua. Usiku wa kupanda kileleni kutoka kambi ya Kibo, yule aliyetusimulia marathoni zake utamkuta kakaa juu ya jiwe, vidole vimekufa ganzi, hawezi kufunga zipu ya koti. Unamfungia wewe. Sasa mtazame akishuka: ndiye anayewauliza wagumu majina yao, ndiye anayempisha mgonjwa njiani bila kumcheka.

Frodo naye ni hivyo hivyo. Ndani ya migodi ya Moria analalamika kwamba mjomba wake Bilbo angemuua Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na Pete ile ile, alipopata nafasi. Mchawi Gandalf anampa hotuba nzuri juu ya huruma, lakini hotuba ya mzee haikumwingia. Filamu ya pili, Pete ikiwa imeshaanza kumlemea, anamwita Gollum kwa jina lake la zamani, Sméagol, na anamgombeza Sam anayemsimanga. Gollum hajabadilika, ni mwizi yule yule. Frodo ndiye sasa anayejua mzigo ule unamfanyaje mtu.

Mnasema mwishoni anashindwa, anaivaa Pete badala ya kuitupa motoni. Kweli. Ila kumbukeni mafundi wenu: Gandalf aliogopa hata kuigusa, Galadriel alipewa akakataa, Aragorn alimfumbia Frodo kiganja na kumwacha aende nayo. Anayelaumiwa kwa kuelemewa ni yule pekee aliyekubali kuubeba mzigo hadi juu. Huku kwetu mtu akizidiwa karibu na Gilman's, ukingoni mwa kreta, anashushwa, pengine kwa machela ya gurudumu moja, na hakuna mgumu atakayesema hakupanda mlima.

Jambo moja tu sitamtetea, nalo ni pale kwenye ngazi za Cirith Ungol anapomfukuza Sam kwa fitina ya mkate iliyopikwa na Gollum. Kwenye kitabu cha Tolkien halimo, waliliongeza watengeneza filamu, na nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala njaa mlimani. Ukiwa juu kiasi kile, aliyebeba chakula humfukuzi.