Tusilipite tu Gurdwara la Kericho

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu hapa Soin swali jepesi: lile jengo kubwa lenye kuba, lililoko mjini Kericho, ni la nini? Wengi wao wamelipita mara nyingi wakiwa ndani ya matatu. Mmoja alijibu kuwa ni msikiti. Wa pili alisema ni hoteli ya watalii. Wa tatu, huku akicheka, alisema ni "kwa Wahindi." Nilitaka kuwakemea, nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe nililipita jengo hilo kwa miaka mingi bila kuuliza.

Jengo hilo ni gurdwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikhi, ambao tumezoea kuwaita Makalasinga. Linamkumbuka Baba Puran Singh, mzaliwa wa Punjab aliyeishi Kericho kwa miongo mingi na kujipatia riziki kwa kazi ya karakana, kabla ya kuhamia Uingereza. Huko Birmingham alianzisha shirika la Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Alifariki mwaka 1983, na hadi leo wafuasi wake humwita "Kerichowale", maana yake mtu wa Kericho. Mahujaji huvuka bahari kuja kuzuru mahali alipoishi. Sisi tulio umbali wa safari fupi ya matatu hatujui hata jina lake.

Sehemu ya lawama ni ya lugha yetu ya kila siku. Neno "Mhindi" limemeza kila mtu: Baniani, Kalasinga, Mjaini, hata Mwislamu ambaye babu yake alitoka Gujarat. Ni kweli kwamba katika shule za Kenya lipo somo la dini ya Kihindu, na ndani yake hufundishwa Uhindu, Ujaini, Ubudha na Usikhi. Lakini shule nyingi za huku kwetu hufundisha dini ya Kikristo pekee, na mwanafunzi humaliza masomo asijue kuwa Varanasi, kando ya mto Ganges, ni mji wa hija wa Wahindu, ilhali Amritsar ni mji mtakatifu wa Wasikhi, wafuasi wa Guru Nanak aliyeishi kati ya mwaka 1469 na 1539.

Anayeingia katika gurdwara huvua viatu na kufunika kichwa. Baada ya hapo hukaribishwa langar, chakula kisicho na nyama kinachotolewa bila malipo kwa kila afikaye, awe tajiri au maskini, wa dini yoyote au asiye na dini. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanalijua hilo kutokana na gurdwara la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na Wasikhi waliofanya kazi katika reli. Wahenga wetu walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni wa jana ndiye amegeuka mwenyeji anayetukaribisha mezani.

Najua wako wazazi watakaohofu kwamba watoto wao watageuzwa dini. Hofu hiyo naiheshimu, lakini kuuliza jirani anaabudu vipi si kuiacha imani yako. Wako pia watakaonikumbusha kuwa Waasia walikuja na reli ya mkoloni, na kwamba wakati wa ukoloni waliwekwa ngazi moja juu ya Mwafrika. Ni kweli, na historia hiyo ifundishwe bila kufichwa. Hata hivyo, hasira ya kihistoria haiwezi kuwa udhuru wa kutojua.

Jambo linaloniuma zaidi liko karibu nasi. Wakipsigis walikuwa na kapkoros, mahali patakatifu walipokusanyika kumwomba Asis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, ikawapeleka Gwassi. Niliwauliza wanafunzi wale wale kuhusu kapkoros. Wengine walilijua neno hilo kama jina la mahali tu; hakuna aliyeweza kunieleza kilichofanyika pale. Wasikhi wameweza kumkumbuka fundi mmoja wa Kericho hata ng'ambo, nasi tumesahau vilima ambavyo wazee wetu walisalia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo moja. Muhula ujao, tuombe ruhusa ya wazazi na ya wenye nyumba, tuwapeleke wanafunzi katika gurdwara la Kericho. Tukirudi, kila mwanafunzi amwendee mzee wa kijijini mwake, amuulize kapkoros ilikuwa wapi, nani aliongoza sala na watu waliomba nini. Majibu yaandikwe katika daftari na daftari lihifadhiwe shuleni. Hakuna haja ya kungoja fedha wala waraka kutoka Nairobi.

Nanyi wanafunzi, msingoje walimu. Jengo la Kericho litakuwapo mwaka ujao na hata mwaka utakaofuata. Wazee wanaokumbuka kapkoros hawatangoja.