Tahasusi Huchaguliwa Kidato cha Pili

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania hujaza fomu za kuchagua tahasusi watakazosoma katika kidato cha tano na cha sita. Walimu huwashauri na wazazi huulizana. Shughuli hiyo ina umuhimu wake, lakini kwa wengi huwa imechelewa kwa miaka miwili. Uamuzi wenyewe hufanyika mwishoni mwa kidato cha pili, pale mwanafunzi anapoacha fizikia au kemia, nao mara nyingi hufanyika bila mashauri yoyote.

Katika mtaala uliotangulia mabadiliko ya 2023, masomo hayo mawili yalikuwa ya lazima kwa miaka miwili ya kwanza, kisha yakawa ya hiari kuanzia kidato cha tatu. Mtaala mpya, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, unaingia madarasani hatua kwa hatua, wala haukumwondolea mwanafunzi ulazima wa kuchagua mapema. Asiyefanya mtihani wa fizikia katika kidato cha nne hawezi kupangiwa tahasusi yenye fizikia. Naye mhitimu wa kidato cha sita anayetaka kusomea udaktari wa binadamu hudaiwa ufaulu katika fizikia, kemia na biolojia, yote matatu. Tahasusi ya kemia, biolojia na jiografia ni njia njema ya kufikia taaluma za kilimo, lakini haimfikishi huko. Hivyo basi, kijana wa miaka 15 huweza kuufunga mlango ambao ataufikia miaka minne baadaye.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza idadi ya tahasusi hadi kufikia 65. Ongezeko hilo ni la kupongezwa, ila lisimpumbaze mtu. Wingi wa tahasusi haumsaidii aliyekwisha kuacha masomo yanayozijenga.

Yafaa kuchunguza kwa nini masomo hayo huachwa. Mara nyingi sababu si uwezo mdogo wa mwanafunzi. Darasa lililokaa muhula mzima bila mwalimu wa fizikia, au lililosoma kemia pasipo kugusa chupa ya maabara, litapata alama duni, na alama hizo zitatafsiriwa kuwa ni ushahidi kwamba watoto hao hawafai kwa sayansi. Kwa wasichana huongezwa neno jingine, kwamba fizikia ni somo la wavulana. Mwalimu mwadilifu hana budi kutofautisha somo lililomshinda mwanafunzi na somo ambalo hakufundishwa.

Huenda ikasemwa kwamba kumwachia mwanafunzi masomo mengi ni kumharibia daraja katika Mtihani wa Taifa. Hoja hiyo ina nguvu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Daraja la kidato cha nne limekuwa likikokotolewa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mwenye masomo tisa, akiteleza katika fizikia, bado ana mengine ya kumbeba. Muda wa kujisomea utapungua, ni kweli. Lakini hiyo ni gharama ya kupimwa, si sababu ya kukimbia.

Aidha, masomo hayakai kila moja katika chumba chake. Mathalan, mkulima akiambiwa kwamba udongo wake una pH 5 na wa jirani una pH 6, aliyeacha kuzifikiria hesabu ataona tofauti ya moja tu. Kumbe kipimo hicho hufuata logi: udongo wa kwanza una uasidi mara 10 ya wa pili, na mara 100 ya udongo wenye pH 7. Bwana shamba asiyeelewa hesabu hiyo atashindwa kumweleza mkulima kwa nini mbolea aliyoinunua haikuleta mavuno. Kilimo, kemia na hisabati hukutana katika shamba moja.

Yapo mambo ambayo kila shule yaweza kuyafanya bila kusubiri fedha. Katika muhula wa kwanza wa kidato cha pili, mwalimu wa taaluma awaite wazazi na wanafunzi, awaonyeshe kwenye ubao safari nzima kuanzia somo hadi tahasusi, na kuanzia tahasusi hadi kazi. Mwanafunzi anayetaka kuacha somo aandike sababu, na mwalimu wa somo hilo aijibu kabla ya kuidhinisha. Asiyejua bado anataka kazi gani, na wengi hawajui katika umri huo, ashauriwe kubaki na hisabati na walau masomo mawili ya sayansi, hata kama moyo wake unaelekea kwenye historia au lugha. Atakayeamua kuyaacha katika kidato cha nne ataweza kufanya hivyo kwa urahisi, ilhali atakayetaka kuyarudia wakati huo hatapata mwalimu wala nafasi katika ratiba.