Saa bila daftari huisha bila habari

Katika shule zetu nyingi, siku ya kuwatuza wanafunzi bora haipiti pasipo mgeni wa heshima kuwausia watoto wasome kwa bidii ili wasije wakazunguka na bahasha wakitafuta kazi, bali wajiajiri wenyewe. Wakili na afungue ofisi yake, daktari wa mifugo na afungue kliniki yake, mhasibu na atundike kibao chake mlangoni, na kila mmoja wao, aghalabu huambiwa, atakuwa bwana wa saa zake. Sina ugomvi na nasaha hiyo, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mhasibu na ninaendesha ofisi ndogo yenye makarani wawili. Ugomvi wangu ni na ahadi hiyo ya mwisho. Mtu aliyejiajiri si bwana wa saa zake mpaka aziandike. Asipoziandika, saa hizo humilikiwa na kila mwenye nambari yake ya simu.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tunaifundisha darasani na kuieleza kwa mifano ya duka na mifugo, nasi tunasahau kwamba saa nazo ni mali, tena ni mali ambayo haikopeshwi. Mwenye ofisi ndogo ya kitaaluma ana madai ya watu watatu juu yake: wateja, jamaa zake nyumbani, na mwili wake mwenyewe. Katika wote watatu, ni mteja pekee ambaye huandikwa katika daftari la miadi. Si ajabu basi kwamba mteja ndiye apataye chake kwanza, na hao wengine wawili hugawana makombo.

Mtu wa kuajiriwa ana walinzi wawili. Mlinzi wa kwanza ni kengele, ambayo walimu na wanafunzi wanaifahamu vyema: ikilia, kipindi kimekwisha. Mlinzi wa pili ni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mwajiriwa wa Kenya angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili. Mama anayejifungua hupewa miezi mitatu, na baba wiki mbili. Karani wangu anazo haki hizi zote, na ni wajibu wangu kumpa. Mimi niliyemwajiri sina hata moja. Hakuna hakimu nitakayemwendea kumshtaki mwajiri wangu, maadamu mwajiri huyo ni mimi.

Serikali humkumbuka mwenye ofisi, lakini kwa tarehe za namna nyingine. Kodi iliyokatwa katika mishahara ya wafanyakazi hutakiwa ifike kabla ya tarehe 9 kupita, ushuru wa VAT kwa aliyesajiliwa hutakiwa kabla ya tarehe 20 kupita, na taarifa ya mapato ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Kila tarehe ina adhabu yake kwa mwenye kuchelewa. Mtoto aliyeko nyumbani hana tarehe wala adhabu, na moyo ulio kifuani vilevile. Hilo ndilo jambo linalotuponza. Wenye taaluma wengi wanawapenda watoto wao na wanaijua thamani ya afya, ila mambo yasiyokuwa na tarehe husukumwa na yale yenye tarehe, wiki baada ya wiki, hadi yadai kwa mkupuo mmoja. Nayo yakidai, hayakubali kulipwa kwa awamu.

Simu ya mkononi imeuzidisha ugumu huu. Zamani ofisi ilipofungwa, ilifungwa. Aliyekuwa na shida alisubiri asubuhi. Leo hii mteja huuliza habari za hesabu zake saa tatu usiku, na ikiwa hajajibiwa kufikia saa nne, huuliza kama kuna tatizo. Simlaumu mteja. Hakuna aliyemwambia saa za kufunga, naye si mtabiri.

Tuuangalie mwili kwanza, maana ndio usio na kinywa cha kulalamika. Kazi ya wakili, mhasibu, msanifu majengo na wengineo wa aina hiyo ni kazi ya kitini. Mwaka wa 1953, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva na kondakta walikuwa katika basi moja, barabara moja na zamu moja. Lakini dereva alishinda ameketi, ilhali kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tikiti. Iligunduliwa kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Msomaji na ajiulize: yule mtaalamu aketiye tangu saa mbili asubuhi hadi usiku, yeye ni nani katika basi lile?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nami, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu, hebu nizipige hadharani. Wiki ina saa 168. Tumpe mtu saa 8 za kulala kila usiku. Hizo ni saa 56. Tumpe saa 9 za kazi kwa siku sita. Hizo ni saa 54. Zimebaki saa 58. Tuondoe safari, chakula, ibada, mikutano ya harambee na matanga ya jirani, na bado dakika 150, ambazo ni saa mbili na nusu tu, hazishindwi kupatikana. Asemaye kuwa hana nafasi hasemi uongo. Saa zilikuwapo, ila hakuna pahali palipoandikwa zilikokwenda, kama vile fedha za duka lisilo na daftari.

Kuna na udhuru mwingine ambao ni wetu sisi Wakenya. Kwa kuwa tumejaliwa wanariadha wa kusifika ulimwenguni kote, tumefikiri mbio ni za wenye kipaji. Tulimshangilia Eliud Kipchoge alipozikimbia kilomita za marathoni kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka wa 2019, kisha tukapanda bodaboda kwenda dukani mwendo wa dakika kumi. Mwenye ofisi hahitaji medali. Anahitaji lengo linaloenea katika wiki yake. Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja kwa muda usiofika dakika nne, mnamo tarehe 6 Mei 1954, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa udaktari, na alifanya mazoezi yake wakati wa mapumziko ya mchana. Mwaka huohuo aliacha mashindano ili autumikie udaktari. Hapa kuna mafunzo mawili: kwamba saa moja iliyotengwa hufanya makubwa, na kwamba mtu mwenye busara hujua wakati wa kulipunguza lengo lake.

Na jamaa je? Wengi husema, "Haya yote nayafanya kwa ajili yao." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa karo haisubiri. Lakini mtoto anayeletewa karo na kukosa mzazi wa kumwuliza amesoma nini hawezi kuzitofautisha shughuli na kutojali. Mzigo ni mzito zaidi kwa wanawake. Wakili wa kike mwenye ofisi yake akijifungua, hakuna wa kumlipa kwa miezi mitatu. Kodi ya nyumba ya ofisi haijui uzazi, na wateja hawakosi kutafuta mlango mwingine. Akirudi nyumbani jioni, anakutana na kazi ya pili ambayo wengi wetu wanaume tumezoea kuitazama kwa mbali. Mume asemaye kuwa amemruhusu mkewe afungue ofisi, kisha asipike wala kumwogesha mtoto, hajampa ruhusa, amemwongezea mzigo.

Najua nitapingwa. Nitaambiwa kuwa maneno haya ni ya mtu aliyekwisha kusimama, na kwamba kijana anayeanza hana uwezo wa kumwambia mteja angoje kesho. Mgala muue na haki yake mpe: pingamizi hili lina nguvu. Miaka ya mwanzo ni ya njaa, na hata kwa ofisi iliyokomaa kuna misimu ya mavuno. Kwa mhasibu, mwezi wa Juni si mwezi wa mtu kujidai kuwa atafika nyumbani saa kumi na mbili. Lakini daftari la hesabu halilinganishwi mstari kwa mstari. Hulinganishwa mwishoni mwa kipindi. Juni ikizila saa za nyumbani, hilo ni deni, na deni huandikwa ili Julai ilipe. Hatari haiko katika kukopa. Iko katika kukopa bila kuandika, maana mkopo wa namna hiyo hauna siku ya kurudishwa.

Kuna njia za kufanya hivyo bila ya kuwafukuza wateja. Katika daftari langu la miadi, saa kumi na moja ya jioni, Jumanne na Alhamisi, imeandikwa kama ilivyoandikwa ya mteja mwingine yeyote, nayo ni saa nzima ya kutembea kwa haraka; Jumamosi asubuhi kuna nusu saa. Jumla yake ni zile dakika 150. Mtu akiiomba saa hiyo, karani humjibu kuwa imechukuliwa, na hasemi uongo. Kila mteja hutia sahihi barua ya makubaliano inayotaja saa za kazi, na inayosema kuwa atakayeleta stakabadhi zake baada ya mwezi wa Aprili atatozwa zaidi. Wako waliokasirika wakaondoka. Wengi walianza kuleta mapema. Wenye ofisi ndogo wanaweza pia kusaidiana. Mawakili wana desturi ya kumshikia mwenzao kesi mahakamani kwa siku moja anapokosa nafasi. Desturi hiyo ikipanuliwa kwa mapatano ya maandishi kati ya ofisi mbili au tatu, mwenye kuugua, mwenye kujifungua na mwenye kutaka likizo watapata wa kuwashikia kazi.

Lakini kwa nini niyaandike haya kwa walimu na wanafunzi, badala ya kuyapeleka katika mikutano ya wahasibu? Kwa sababu mtu wa miaka arobaini ni mti mkavu. Samaki mkunje angali mbichi. Tabia ya kuuibia mwili saa zake haikuanzia ofisini. Tuliifundishwa shuleni, na tuliifundishwa na watu waliotupenda. Kipindi cha michezo kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani. Katika shule nyingi, mtihani unapokaribia, mwalimu wa hisabati au wa sayansi hukichukua, na hakuna anayelalamika, si mwalimu mkuu wala mzazi. Mtoto anajifunza nini hapo? Anajifunza kuwa kilichoandikwa kwa ajili ya mwili ni cha kuazimwa bila kurudishwa. Miaka ishirini baadaye, akiwa na ofisi yake, anayarudia yaleyale, na anayafanya kwa ustadi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa likizo pia. Wazazi walilipia masomo ya ziada ya likizo hata nyumba ikawa bweni la kulala tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, katika kifungu cha 37, ilikuja kupiga marufuku masomo hayo. Watunga sheria walitambua kuwa mapumziko ya mtoto ni haki yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo ule nilioutaja, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya wastani wa dakika 60 kila siku. Shule inayovimeza vipindi vichache vya michezo kwa wiki ni kama inayompokonya maskini kibaba.

Kwa hivyo, ombi langu kwa walimu ni dogo na halihitaji fedha za serikali. Muhula ujao, kipindi cha michezo kiheshimiwe kama cha hisabati; na ikibidi kichukuliwe, kiandikwe kuwa ni deni na kilipwe wiki ifuatayo, mbele ya wanafunzi walioona kikichukuliwa. Ninyi wanafunzi nanyi, mnapojipangia ratiba zenu za kudurusu, msiandike masomo pekee. Andikeni saa ya kukimbia na saa ya kumsaidia mama jikoni, kwa wino uleule mnaoandikia kemia. Atakayezoea kufanya hivyo akiwa na kengele ya shule ataweza kujipigia kengele yake mwenyewe siku atakapotundika kibao chake mlangoni.