Waliopona Ni Wangapi?



Tumearifiwa kwamba katika baadhi ya matawi wauza dawa huachiwa kusimama chini ya bendera ya Chama, mkutano ukiisha, na kuinadi chupa moja itibuyo kisukari, saratani, presha na madeni. (Naam, siku hizi hata deni ni ugonjwa.) Makatibu wa matawi hayo wanajitetea kwamba hiyo ni dawa ya Mwafrika, na kwamba aipingaye ana kasumba ya kikoloni. Hoja hiyo yatumia jina letu, basi hatuna budi kuijibu.

Ni kweli mkoloni aliwadharau waganga wetu. Mjuzi wa mizizi na mpiga ramli wote aliwatia katika kapu moja. Nchi huru ilikataa jambo hilo: mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili huko Muhimbili, na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sisi hatuna ugomvi na mizizi. Dawa ya mseto ya malaria, ambayo kila mama aliyempeleka mtoto zahanati anaijua, ina asili yake katika jani lililotajwa na waganga wa kale wa China. Lakini Mama Tu Youyou na wenzake hawakwenda kulinadi jani hilo sokoni. Walilijaribu wakashindwa, wakagundua kuwa moto mkali huiharibu nguvu yake, wakalikamua kwa njia nyingine, wakawapa wanyama, wakanywa wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa huku wakihesabu. Kwa kazi hiyo Mama Tu alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Waganga wetu wanastahili heshima hiyo hiyo ya kupimwa.

Na tukumbuke Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alitoa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba kikombe hicho kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi porini. Wagonjwa wengine walitolewa vitandani hospitalini ili wawahi, na makumi ya watu wakafia njiani na katika foleni. Mawaziri nao walikwenda kunywa, wakapigwa picha.

Wataalamu wa Serikali waliupima mti ule wakasema hauna sumu. Hapo ndipo taifa lilipoteleza. Kauli hiyo ilipofika vijiweni ilikuwa imegeuka kuwa dawa imethibitishwa! Maji ya kisima safi nayo hayana sumu, wala hayatibu saratani. Hali kadhalika, mganga aliyesajiliwa na Baraza amepewa ruhusa ya kufanya kazi; karatasi yake haisemi kwamba kila alichokitia katika chupa kinaponya. Mwananchi akionyeshwa mhuri, na aulize mhuri huo unathibitisha jambo gani.

Tena Babu alisema dawa haifanyi kazi isipotolewa na mkono wake, hapo hapo Samunge. Hatumwiti mwongo, alifariki mwaka 2021, na wengi waliomjua walimwona mtu mnyenyekevu. Lakini dawa ambayo hakuna mtu mwingine awezaye kuijaribu, hakuna pia awezaye kuijua. Ushuhuda tuliosikia ulikuwa wa walio hai. Aliyeacha vidonge vya kupunguza makali ya virusi kwa sababu amekunywa kikombe, akazidiwa, akazikwa kwao, hakurudi Samunge kushuhudia. Kwa hiyo muuza dawa akileta watu watatu waliopona, aulizwe waliokunywa walikuwa wangapi kwa jumla, nani aliwapima damu kabla na baada, na wale wengine wako wapi. Kisukari hakijulikani kwa mtu kujisikia vizuri asubuhi. Hujulikana kwa kipimo.

Maswali hayo hayo tumwulize mwenye duka la dawa za kizungu, na yule anayetuma maneno ya uponyaji katika simu bila jina wala anwani.

Wengine watasema tunawabeza maskini. La hasha. Mtu ambaye zahanati yake humwambia kila mara kwamba dawa zimekwisha, akasikia kuna tiba ya shilingi 500, hakuwa mjinga kupanda gari. Viongozi waliokwenda naye wakiwa na daktari wao mjini ndio wenye la kujibu. Ujinga, maradhi na umaskini tuliapa kuwapiga vita wote watatu, na muuza chupa huishi mahali wanapokutana.

Basi kuanzia mkutano ujao, katibu asimpe muuza dawa yeyote nafasi ya kusema katika mkutano wa Chama, awe wa mizizi au wa vidonge. Nafasi hiyo apewe muuguzi wa zahanati ya kata, awaeleze wanachama ni dawa zipi zilikosekana mwezi uliopita na kwa siku ngapi. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za tawi, na nakala iletwe wilayani.