Vitangulizi vya Sushi, na Jibu Tulilolitoa kwa Haraka



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama mnaotuletea maswali yenu kila juma, leo twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miezi michache iliyopita tulikuwa Nairobi, katika mtaa wa Kware. Kware hii, kwa asiyeijua, si yule ndege wa vichakani. Ni mtaa wa upande wa Embakasi, uliopata jina lake kwa machimbo ya mawe, na wamo humo jamaa zetu wa pwani waliofuata kazi za viwandani. Baada ya darsa ya Maghrib alitujia mama mmoja, akauliza kwa sauti ya chini: binti yake mkubwa ameajiriwa jikoni mwa mkahawa wa Kijapani huko Westlands, ambako watu hula samaki mbichi. Je, mshahara wake ni halali?

Isha ilikuwa karibu, nasi tulikuwa tumesimama mlangoni. Tukamjibu kwamba samaki mbichi si chakula cha waungwana, na kwamba ni afadhali binti atafute riziki kwingine. Mama akalichukua jibu lile kama lilivyo. Kwa majuma matano hakupokea hata senti ya unga kutoka mkononi mwa mwanawe, ilhali kodi ya chumba na karo ya wadogo wawili zilimtegemea binti huyo huyo.

Habari hizi tulizipata kwa binti mwenyewe. Alitupigia simu kwa adabu kubwa, akasema: "Sheikh, niwie radhi. Sitaki kubishana na hukumu. Naomba tu mje kwetu mimi na mama, niwaandalie vile vinavyotangulia sushi, mvione, ndipo mhukumu." Maneno hayo yalitukaa kifuani. Tuliporudi Nairobi tukaenda, tukafuatana na mama watoto, Jumamosi baada ya Alasiri.

Kabla ya kufika mezani, tulipambanue lile la samaki mbichi, kwa kuwa ndilo lililotupotosha. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, wala haikushurutisha moto. Samaki asiyepikwa ni suala la usafi na usalama wa afya, na mwenye kuchukizwa naye ana haki ya kumwacha. Sisi wenyewe hatumtaki. Lakini kutokutaka kwetu si sheria, nasi siku ile tuliyachanganya mawili hayo. Tena binti alitufahamisha jambo ambalo hatukulijua: neno sushi lahusu wali uliotiwa siki, si samaki mbichi. Zipo sushi za tango, za yai, na za kamba waliochemshwa.

Alitandika mkeka, akaweka visahani vidogo vidogo. Wajapani, alisema, huanza na vitu vyepesi vya kuamsha hamu, kama nasi tunavyofungua kwa tende na kitu kidogo kabla ya kukabili futari yenyewe. Kisahani cha kwanza kilikuwa edamame, yaani soya changa iliyochemshwa ndani ya maganda yake na kunyunyiziwa chumvi. Ganda halitafunwi, hubanwa kwa meno, punje zikaruka mdomoni. Mama watoto alicheka, akasema ni mbaazi za nazi zilizosahau nazi. Hapo hapana shaka yoyote ya kisheria: ni soya, maji na chumvi.

Kisha tukaletewa sunomono: matango yaliyokatwa vyembamba mno, yakakamuliwa maji kwa chumvi, yakatiwa siki ya mchele na sukari kidogo, pamoja na mwani uliorowekwa. Mkewe kachumbari, ungesema, ila haina pilipili wala kitunguu. Wasomaji wetu wa Kwale wanaufahamu mwani, maana akina mama wa Kibuyuni huulima, ingawa ule wao ni wa jamii nyingine na wengi wetu hatujazoea kuula. Siki nayo ni kitoweo alichokisifu Mtume (S.A.W.). Siki iliyogeuka yenyewe kutoka hali ya kulevya imetoharika kwa kauli ya wanazuoni. Mchicha uliochemshwa na kuchanganywa na ufuta uliosagwa ulifuata, nao ulituvutia kuliko vyote, pengine kwa sababu ufuta tunaujua.

Supu ya miso ilikuja ndani ya vibakuli. Miso ni soya iliyovundikwa kwa chumvi mpaka ikawa uji mzito, na maji ya supu hupatikana kwa kuchemsha mwani na vipande vyembamba vya samaki mkavu wa jamii ya jodari. Aliyekulia karibu na ng'onda hatashangazwa na harufu yake.

Mwisho akakaanga mboga na kamba kwa unga mwepesi uliokorogwa kwa maji baridi sana. Hiyo huitwa tempura. Ni dada wa bajia, na ina kisa chake: Wareno walifika Japani mwaka 1543, na inasemwa kuwa ni kwao Wajapani walijifunza ukaangaji wa namna hiyo. Ni Wareno hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Sisi walituachia ngome na neno la meza. Wenzetu wakapata mapishi.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni vyema, kwa maana hapa ndipo penye jambo. Tulipochukua kamba na kuuliza iko wapi sosi yake, binti alisita. Akasema mkahawani tempura huletwa na sosi ya kuchovea, nayo hutiwa mirin. Mirin ni mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, na ile ya asili ina kileo cha kiasi cha asilimia 14. Hutiwa pia katika ule mchuzi mzito unaopakwa mishikaki ya kuku, yakitori, na mara nyingine hutiwa katika yai la kukaanga na hata katika zile fimbo nyekundu ziitwazo nyama ya kaa. Wapishi wengine huongeza sake, pombe ya mchele. Basi mama yule alimwogopa samaki, nasi tukamwogopa pamoja naye, kumbe kilichostahili kuulizwa kilikuwa kibakuli kidogo cha sosi kando ya sahani.

Katika madhehebu yetu ya Shafi mvinyo ni najisi, na tone lake huharibu chungu. Dai kwamba moto hukiondoa kileo chote halimfai mtu, kwani kupika hupunguza tu. Kwa hiyo tempura huliwa kwa chumvi na ndimu, na wapo Wajapani wenyewe wanaoipenda hivyo. Kuku wa mishikaki aagizwe wa chumvi, baada ya kuulizwa amechinjwa na nani. Mandazi yao madogo yenye nyama, gyoza, kwa kawaida hujazwa nguruwe, basi yaachwe hata mhudumu akiapa kwamba leo ni mboga, mpaka ujue yamekaangwa katika kikaango gani. Mafuta ya tempura nayo yaulizwe vivyo hivyo, na wali wa sushi usisahauliwe, maana wapo wanaoutia mirin katika siki yake. Sosi ya soya imekhitalifiwa: huvundikwa kwa miezi, na kileo kidogo hujitokeza chenyewe. Wanazuoni wengi wameiruhusu kwa kuwa hailevyi hata ikizidi, ila zipo chupa zilizoongezwa kileo ili zisiharibike, na hilo huandikwa kwenye kibandiko. Mwenye kusoma asome. Wallahu aalam.

Likabaki la mshahara. Tulimwambia mama, mbele ya binti, kwamba tulikosea kumjibu bila kuuliza mwanawe hushika nini jikoni. Ujira wa kukata matango, kuosha mchele na kukunja sushi ni halali yake. Kutia mirin chunguni ni jambo jingine, na hapo hatuwezi kulegeza. Binti akasema alikwisha kumwomba mpishi mkuu amweke meza ya vyakula baridi, naye akakubali, isipokuwa siku ambayo mwenzake wa sosi hayupo. Siku hizo ni chache, lakini zipo. Tulimshauri amrudie mpishi na kumwambia wazi kwamba ni dini yake, wala si uvivu. Tangu hapo ametuarifu kwamba amezungumza naye, na angali anangoja jibu. Twaomba dua zenu.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Bahasha ya mshahara ilikuwa chini ya kisahani cha edamame, tulidhani ni kitambaa. Aliichukua, akaitia kwenye kanga bila kuihesabu, kisha akamwuliza mwanawe kama matango yale yamebaki jikoni.