Faharasa ifuate neno la anayetafuta

Embu wanalima muguka, Meru wanalima miraa, na Kanuni za Miraa za mwaka 2023 zinatambua zote mbili. Hata hivyo, Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka mwaka 2024, Serikali ya kitaifa ililazimika kueleza kwamba sheria inayosimamia miraa inasimamia muguka vilevile. Jina wanalolitamka wakulima wa Mbeere, huko Embu, lilihitaji mtu wa kulielekeza kwenye jina lililo katika sheria. Kazi hiyo ya kuelekeza ndiyo kazi ya faharasa, zile kurasa za mwisho wa kitabu ambazo waandishi wengi wa miongozo ya programu huziandaa wakiwa wamechoka. Mwongozo wa programu ya kusajili wakulima ukiwa na “miraa” peke yake kwenye faharasa, mkulima wa Embu ataamini zao lake halimo, ingawa limeelezwa vizuri ukurasa wa kumi. Kwa hiyo ninashikilia kwamba neno liingizwe kwenye faharasa kwa sababu kuna mtu atakayelitafuta. Kwamba limetajwa mahali fulani kitabuni si sababu ya kutosha.

Tazama kiwanda cha kahawa cha ushirika ambacho mizani yake imeunganishwa na programu ya kumbukumbu. Kwa watu wa kahawa nchini Kenya, cheri ni tunda bivu linaloletwa kumenywa siku hiyohiyo, na mbuni ni tunda lililokaushwa na ganda lake, ambalo bei yake huwa ya chini. Kamusi nayo itakwambia mbuni ni mti wa kahawa, au yule ndege mkubwa asiyeruka. Karani aliyeandika kilo za mbuni kwenye safu ya cheri amemkosea mkulima malipo, na wenye mizigo wamepanga foleni mbele yake. Hatatafuta “usimamizi wa rekodi”. Atatafuta “mbuni”, au “kilo zilizokosewa”, au maneno yenyewe ya onyo lililotokea kwenye skrini, hata yakiwa ya Kiingereza. Hayo yote yanastahili kuingia. Yasiyostahili ni jina la kampuni iliyounda programu na neno lililotajwa kwa kupita tu, kwani kumpeleka msomaji kwenye ukurasa usio na jibu ni kumpotezea muda ambao hana.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Tukiorodhesha kufuta, kuhifadhi, kutuma na kusajili jinsi yalivyo kwenye vichwa vya sehemu, herufi K itameza nusu ya faharasa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilipanga vitenzi kwa mashina, “futa” chini ya F, na miongozo ifanye vivyo hivyo. Kuna pia maneno mawili kwa kitu kimoja: shuleni wanafundishwa tarakilishi na nywila, nje ya darasa watu wanasema kompyuta na paswadi. Wapo watakaosema kuingiza “paswadi” ni kukiharibu Kiswahili. Siafiki. Mstari unaosema “paswadi, tazama nywila” unamfundisha msomaji neno sanifu wakati uleule anapolihitaji, na sijui njia iliyo bora zaidi ya kulieneza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba siku hizi mtu hutafuta kwa simu, faharasa ya nini? Lakini kisanduku cha kawaida cha kutafutia hulinganisha herufi ulizoandika na zilizomo. Andika “muguka” kwenye waraka uliotumia “miraa” na hutapata kitu. Andika “kilo” na utapewa kila mahali neno hilo lilipo, bila kuambiwa ni wapi kosa linarekebishwa. Hata programu erevu zaidi ya kutafuta inaweza kuhitaji mtu wa kuiambia watu wa Mbeere, na wa Igembe kule Meru, wanasema nini. Gharama ya karatasi ipo, lakini ni ya kurasa chache. Kabla ya kuchapa, karani mmoja wa Embu na mwingine wa Meru wapewe rasimu na matatizo kumi ya kutatua, na kila neno watakalolitafuta wasilipate liandikwe kwenye faharasa siku hiyohiyo.